Mwanafunzi wa Kiti cha Mbele

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo, halafu mkae. Leo tunamkumbuka mwanafunzi. Alifariki wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na nane. Narudia: miaka hamsini na nane, na bado mwanafunzi. Ndivyo tulivyomwita, Mwanafunzi, naye aliitika.

Kazi yake ilikuwa ufundi wa friji. Karakana yake chumba kimoja, milango ya friji mbovu imeegemezwa ukutani. Lakini kila Jumamosi alikwenda uwanja mdogo wa ndege, akapanda jairokopta. Kwa asiyeijua, ni chombo kidogo kilicho wazi, viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Kina mapanga juu kama helikopta, ila kikiwa angani injini haiyazungushi. Injini iko nyuma, inasukuma. Mapanga yanazungushwa na upepo unaopita. Upepo ukiacha kupita, mapanga yanalegea, na mnaanguka. Likumbukeni hilo, tutalihitaji.

Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kumpakia mama yake kwenye kiti cha nyuma.

Mama yake alipiga deki ofisi za uwanja ule miaka thelathini. Nilikwenda kumpa pole juzi. Ana miaka themanini na tatu, na ulimi bado mkali. Aliniambia, "Mwanangu, nimefuta nyayo za marubani miaka thelathini. Hakuna hata mmoja aliyesema mama njoo uone. Binti yangu akasema, nitakupandisha mimi. Nikamwambia fanya upesi, magoti haya hayamngoji mtu."

Sasa sheria ya wakati ule. Kwanza, daktari akupime, akupe cheti cha afya. Halafu mtihani wa kuandika: hali ya hewa, kanuni za anga, mitambo. Halafu uruke na mwalimu saa nyingi, mpaka atie saini kwenye daftari lako kwamba unaweza kuruka peke yako. Mwisho kabisa, mtahini akupime angani. Ukifaulu, leseni. Bila leseni wewe ni mwanafunzi, na mwanafunzi habebi abiria. Hata awe mama yake mzazi.

Yote aliyamaliza kwa mwaka mmoja na nusu, isipokuwa lile la mwisho. Mtahini wa jairokopta hakuwepo nchi nzima. Mwalimu alikuwepo, mzee mmoja aliyesomea ng'ambo, lakini aliyekufundisha haruhusiwi kukutahini. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Ila mama wa watu alikuwa anazeeka.

Na huku kila kitu kinaisha muda. Saini ya mwalimu, siku tisini. Mtihani wa kuandika, miaka miwili. Cheti cha afya nacho kina tarehe yake. Tarehe zote tatu aliziandika kwa chaki kwenye mlango wa friji. Akihuisha hiki, kile kimekwisha. Mtihani ule ule aliufanya mara tisa. Mara tisa, jamani! Msimamizi wa chumba cha mtihani alifika mahali akawa anamwekea mto kwenye kiti.

Miaka kumi na saba aliruka peke yake, akizunguka uwanja, asivuke barabara kuu. Anapaa, anazunguka, anashuka. Kiti cha nyuma kimefungwa mkanda, hakina mtu. Jina la Mwanafunzi alipachikwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa lori. "Shemeji," alikuwa akimwambia, "wenzio wana wajukuu shuleni, wewe bado unanunua madaftari!" Alicheka naye. Lakini mume wake anasema akirudi nyumbani alikaa kitandani na viatu miguuni. "Siku moja aliniambia, mume wangu, mimi ni nzi ndani ya chupa. Naona nje, kutoka siwezi."

Mwaka wa tisa, ofisi ya leseni ikamletea mtahini wa ndege za kawaida. Mtu mwema, marubani wengi wamepita mikononi mwake. Alikuwa na kalamu na ruhusa ya kusaini. Mama amekaa kwenye benchi, kofia ya kuazima kichwani. Kabla ya kupanda, Mwanafunzi akauliza, "Mzee, upepo ukitunyanyua ghafla, pua ikapanda juu, utafanya nini?"

Mtahini akajibu papo hapo, "Nasukuma usukani mbele, pua ishuke."

Kwenye ndege ya kawaida, sawa kabisa. Kwenye jairokopta, ukisukuma kwa nguvu, upepo unaacha kupita kwenye mapanga. Mnakumbuka nilichosema.

"Basi mzee, hatupandi," Mwanafunzi akasema. "Leo utanisainia mimi, kesho utamsainia mwingine, naye atabeba mama wa mtu."

Mtahini hakukasirika. Alirudisha kalamu mfukoni. Shemeji ndiye aliyewaka: "Una wazimu wewe! Si angekaa tu huko nyuma, asiguse kitu!" Mama alivua kofia, akamrudishia bintiye, wakaenda nyumbani. Wasikilizaji, niwe mkweli. Mimi ningenyamaza, nikachukua saini yangu.

Miaka minane mingine ikapita. Humo katikati, shemeji yule yule, kwa ubishi tu, akaanza kujifunza. Angani alikuwa na mwalimu. Jioni, karakanani, alikuwa na Mwanafunzi. "Alinikalisha kwenye kreti, akanipa mpini wa ufagio uwe usukani," shemeji anakumbuka. "Nikiusukuma mbele, kofi mkononi. Kila mara, kofi mkononi."

Mwaka jana, mtahini wa kweli wa jairokopta akapatikana kutoka ng'ambo. Siku mbili tu. Wiki tatu kabla, cheti cha afya cha Mwanafunzi kiliisha. Daktari alisikiliza moyo wake, akausikiliza tena, akaweka kalamu chini. Shemeji akamwambia, "Twende kwa daktari mwingine." Akajibu, "Daktari mwingine, moyo ni huu huu."

Shemeji akatahiniwa. Akafaulu. Leseni ilipofika, mama akafungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma. Mwanafunzi alibaki chini kwenye nyasi, ameshika redio ya mawasiliano.

Mama ananisimulia: "Akaniuliza, mama, unaona nini? Nikamwambia nakuona wewe. Akasema, mama, angalia mbali, mimi umeshaniona. Sikuangalia mbali."

Kwa mama, kwa mume, kwa shemeji ambaye amezima simu tangu mazishi: poleni sana. Poleni kutoka kwetu sote hapa studio. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anangoja saini yako, jiulize leo anangoja tangu lini.

Chaki bado iko kwenye mlango wa friji. Mume wake hataki mtu aifute. Tarehe ya daktari imepita. Tarehe ya mwalimu imepita. Ule mtihani wa tisa una miezi minne mbele yake.