Shangazi Anaondoka, Betri Zinabaki Butini

“Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, unawasha gari unaondoka. Hiyo nayo ni kazi ya kumwajiri mtu?”

Maneno hayo aliyasema Mkuu wetu wa Usafiri katika kikao cha wafanyakazi, alipokuwa akieleza kwa nini nafasi ya fundi umeme wa magari haitajazwa baada ya mwenye nafasi kustaafu tarehe thelathini mwezi huu. Baadhi yetu walicheka. Mwenye nafasi alikuwa amekaa mstari wa pili, na hakucheka. Aliendelea kukoroga chai yake mpaka tukaanza kuhurumia kikombe.

Mkuu wa Usafiri namheshimu. Anajua ratiba, anajua bima, anajua dereva gani anadanganya kuhusu foleni. Lakini sentensi yake ina kosa, na kosa lenyewe ndilo linalojeruhi watu. Unapobusti gari, yaani kuliwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine, waya mweusi wa mwisho hauendi kwa nyeusi. Hauendi kwenye kichwa cha betri iliyokufa. Unakwenda kwenye chuma tupu cha gari hilo, mbali na betri, kwa sababu kibanio cha mwisho ndicho kinachotoa cheche, na betri ndiyo inayotoa gesi inayowaka. Mwanamke ameitumikia hoteli hii miaka ishirini na saba akihakikisha cheche na gesi havikutani, na sisi tunamuaga kwa sentensi inayovikutanisha. Siwezi kuandika wasifu wake bila kwanza kuikataa.

Tunamwita Shangazi, ingawa hana mpwa hata mmoja hapa kazini. Jina lilitoka kwa madereva, kutokana na namna anavyowagombeza: kama mtu aliyekuja kwenu kukaa wiki mbili, na siku ya kwanza tu ameshaona kila kasoro ya nyumba. Aliajiriwa akiwa na cheti cha chuo cha ufundi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza pasi za chumba cha kufulia na taa za korido. Hoteli ilipoanza kununua magari ya kuwabeba wageni alihamishiwa gereji, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Akatoa viti, akaomba dirisha la pili, na alipocheleweshewa dirisha akagoma kuchaji betri yoyote humo. Dirisha lilipatikana. Unyenyekevu si miongoni mwa sifa zake, na sitamsingizia.

Siku zile betri ilikaa mbele, chini ya boneti, kila mtu akiiona. Kisha yakaja yale magari marefu meusi ya kifahari. Wenye kumbukumbu wanaijua asubuhi ambayo moja liligoma kwa mara ya kwanza. Madereva walifungua boneti, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, betri hakuna. “Wameiba,” akasema mmoja, na mlinzi wa lango akaitwa ajieleze. Maskini alikuwa ameshaanza kuapa kwa afya ya mama yake pale Shangazi alipofika akiwa na mswaki mdomoni. Akawaambia betri iko nyuma, butini, chini ya zulia, kando ya tairi la akiba. Wakakimbilia buti. Buti halifunguki, maana kufuli yake inategemea umeme, na umeme unatoka kwenye betri iliyo ndani ya buti. Dereva mmoja alisema aliyebuni gari hilo alikuwa amegombana na mkewe.

Shangazi akachukua rimoti, akabonyeza ubavuni, akachomoa ufunguo mdogo wa chuma uliojificha ndani yake, akafungua buti kwa mkono. Wote wakamtazama kama aliyetoa sungura kofiani. “Kitabu cha gari kiko kwenye droo ya gari,” akawaambia. “Hakiumi.”

Lakini naye alinaswa. Mwezi huohuo alibusti gari la namna hiyo huku ufunguo umelala kwenye kiti. Umeme uliporudi, gari liliamka, likajifungia milango yote, na ufunguo ukabaki ndani huku mgeni akisubiri na mizigo. Alilizunguka gari hilo akiliita majina ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Tangu hapo, gari likiwa kwenye nyaya, ufunguo wake hukaa mfukoni mwa ovaroli yake, na dereva anayeuomba huambiwa asubiri kama wengine.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Dereva aliyefunzwa vizuri haachi buti la gari la mgeni wazi. Ni adabu ya kazi. Butini mna mabegi ya watu, viatu, pengine nguo za ndani zilizotoka kufuliwa. Dereva anayeliacha wazi uani, wapishi wakipita, huonekana hana malezi. Na betri inayochajiwa butini inataka kinyume kabisa: buti liwe wazi wakati wote, gesi itoke. Kwa hiyo kila siku, katika uwanja wetu mdogo, adabu na usalama vilikuwa vinagombana, na hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo mpaka lilipompata Twiga.

Twiga ni yule dereva wetu mrefu anayekunja shingo hata kwenye mlango wa kantini. Siku hiyo gari lake lilikuwa kwenye chaja. Betri ilikuwa imebadilishwa wiki hiyo katika gereji ya nje, na aliyeibadilisha hakurudisha kile kibomba chembamba kinachopeleka gesi ya betri nje ya gari. Shangazi alikuwa bado hajalikagua hilo. Aliacha buti wazi, akaenda kula. Twiga akapita, akaona mabegi ya mgeni yametazamana na watu wote, akafanya kile ambacho dereva mwenye heshima hufanya: akalishusha buti taratibu juu ya waya wa chaja. Baadaye mapokezi wakapiga simu, mgeni yuko tayari. Twiga akafungua buti, akainama na urefu wake wote, akang’oa kibanio bila kuzima chaja.

Betri ilipasuka usoni pake.

Aliyefika wa kwanza alikuwa Mama Pacha, muosha magari, aliyekuwa akisuuza basi dogo hatua chache kutoka pale. Shangazi alitoka kantini mbio, akamkuta ameshamkalisha Twiga chini, mpira wa maji mkononi, hajui aanzie wapi. “Macho,” akamwambia. “Maji yateremke polepole, usiache.” Shangazi akamshika kichwa, akamfungua kope kwa vidole, na Mama Pacha akamwagia maji huku Twiga akipiga kelele kwamba inatosha. “Haitoshi, mwanangu. Nitakwambia ikitosha.” Shangazi hakumwambia mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na hata ndani ya gari hilo aliendelea na chupa. Daktari alisema maji yale ndiyo yaliyookoa macho. Twiga anaendesha mpaka leo, ila nyusi ya kushoto haijaota tena, na hiyo inampa sura ya mtu asiyeamini anachoambiwa.

Wengi wetu tungeishia kwenye kumlaumu Twiga, au kubandika onyo ukutani. Shangazi alikataa yote mawili. Nanukuu alivyomjibu Mkuu wa Usafiri wa wakati ule, kwa maana nilikuwepo: “Huyu hakufanya uzembe. Alifanya adabu. Sasa mimi nimwambie akose adabu?” Akaenda nyumbani, akamwambia mumewe, ambaye ni fundi cherehani, amshonee pazia la buti.

Nalisema hili polepole kwa sababu wageni hawaliamini. Tuna mapazia ya magari. Kitambaa cha rangi ya kijivu, kina kulabu za kuning’inizwa kwenye ukingo wa buti lililo wazi, kinafunika mizigo isionekane. La kwanza lilikuwa zito na zuri, na mzee alilitia marinda. Shangazi alilitundika, akalitazama, akalishusha. Gesi ya betri hupanda juu, na pazia lile lilikuwa limeziba juu kabisa. Alikuwa ametengeneza buti jingine la kitambaa. Akalirudisha nyumbani. Mumewe, aliyekuwa amejivunia marinda yake, alinuna siku mbili, kisha akakata sehemu yote ya juu na kuweka wavu mpana. Hilo ndilo pazia tulilonalo. Tangu litundikwe, hakuna dereva aliyefunga buti la gari lililo kwenye chaja, kwa sababu hana tena cha kuonea aibu.

Mafanikio mengine ya Shangazi hamyajui kwa kuwa hayana kelele. Hachaji gari bila kwanza kuigusa betri kwa kiganja na kuitazama tumbo. Iliyovimba au iliyopasuka haiungi popote, hata mgeni awe nani. Huvaa miwani ya kazi na humvalisha aliye karibu. Chaja huunganishwa ikiwa imezimwa, na huzimwa kabla ya kibanio chochote kuguswa. Kwa kubusti, hata hagusi butini: magari haya yana kichwa cha chanya chini ya boneti, chini ya kifuniko chekundu, kilichowekwa hapo makusudi ili mtu asiinamie betri. Waya mwekundu huanzia hapo, ukaenda kwenye chanya ya gari zima, lile linalotoa umeme; waya mweusi huanzia kwenye hasi ya gari zima, ukaishia kwenye chuma tupu cha gari bovu. Gari zima linanguruma kwa dakika kadhaa, ndipo jingine linawashwa. Kutoa ni kurudi nyuma kwa njia ileile. Ukimkatiza hapo katikati kwa salamu, anaendelea na nyaya. Atakujibu akimaliza, na atauliza na hali ya watoto.

Kuna hoja ya pili ya wanaotaka nafasi hii ife, nayo nimeisikia hata kwa watu ninaowapenda. Wanasema magari ya siku hizi yana akili, yana kompyuta, yanajilinda yenyewe. Kweli yanajilinda. Gari linalinda gari. Hakuna kompyuta iliyowekwa mle kwa ajili ya kumlinda mtu aliyeinama juu ya buti. Na akili hiyohiyo ndiyo inayoungua ukigeuza chanya na hasi kwa sekunde moja ya haraka, na tukifika hapo gari halitoki gereji mpaka msimu wa wageni uishe.

Hoja ya tatu ni kwamba kila dereva atapewa nyaya zake, na nyaya za akiba zitakaa kwenye kabati pale kwenye chumba cha Shangazi, ambacho kitakuwa maegesho ya pikipiki. Maelekezo yatabandikwa mlangoni mwa kabati. Shangazi aliombwa aje siku moja baada ya kustaafu ayaeleze. Jibu lake limeshazunguka hoteli nzima, lakini liandikwe: “Nitakuja kufundisha mtu, hata mwezi mzima, hata bure. Kabati sifundishi.”

Na mtu yupo. Mama Pacha hakurudi kwenye basi lake dogo na kusahau. Tangu ajali ile amekuwa akiomba kusimama karibu, kisha kushika, kisha kufanya mwenyewe huku Shangazi amekunja mikono. Mwaka jana alikwenda chuo kilekile alikosoma Shangazi, masomo ya jioni, kwa gharama yake, na alirudi na cheti. Shangazi, asiyesifu mtu, anamsifu hivi: “Huyu akishika nyaya, mimi naweza kunywa chai.” Kwa kipimo cha Shangazi hiyo ni tuzo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Shangazi, asante. Asante kwa dirisha la pili, kwa miwani, kwa kutugombeza, na kwa mlinzi wa lango uliyemwokoa asiapie tena afya ya mama yake. Mfikishie mzee shukrani zetu za pazia. Tunakuombea siku nyingi zenye afya na usingizi wa kutosha, ule chakula kikiwa moto, na jirani ambaye gari lake limegoma asijue unapokaa.

Yaliyobaki ni kwa walio hai kazini.

Mkuu wa Usafiri, hukusema vile kwa ubaya, ulisema usichokijua. Sasa umeshajua. Mpe Mama Pacha nafasi hiyo kabla ya tarehe thelathini, Shangazi akiwa bado ndani ya ovaroli, wakabidhiane mbele ya gari na si mbele ya kabati.

Na ninyi madereva wa magari meusi, mnaosoma hili kantini huku mkijifanya mnatazama ratiba: siku mtakapogawiwa nyaya hizo, msizipokee. Ziacheni mezani. Semeni mnataka fundi kwanza, kwa sababu watakaoinama juu ya betri ni ninyi. Semeni kwa adabu, lakini semeni wote, na Twiga aanze.