Mkaa wa Nauli

Katika feri ya asubuhi kutoka Likoni, mwaka wa sitini na moja, sikupata nafasi ila kando ya magunia ya mkaa. Mwenye mkaa, mtu wa makamo aitwaye Tsofa, alikuwa ameyakalia. Mzee Mwinyihaji wa Kibokoni, aliyevaa kanzu nyeupe, alijipangusa vumbi akamuuliza, "Mkaa wote huu, kuna arusi?"

"Ni nauli ya meli, mzee. Mwanangu Kazungu amemaliza Makerere, sasa amepata nafasi Ulaya. Yuwaenda kusomea vile serikali itakavyotunza misitu."

Mzee aliyatazama magunia upya. "Na miti umeikata wapi?"

"Msituni kwetu."

"Subhanallah! Kijana mwenyewe ajua?"

"Tumemwambia tumeuza mbuzi."

Hapo mzee alikuja juu. Alisema ni aibu, kijana atarudi na shahada yake akute visiki. Tsofa alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Mbuzi ninao watatu, mzee. Hawamfikishi hata Aden. Msitu utaota tena, nafasi hii haioti." Kisha akauliza polepole, "Chai uliyokunywa leo ilipikwa kwa moto wa nini?"

Mwinyihaji alianza kuitengeneza kofia yake, ambayo haikuwa na kasoro. Mimi nikatazama maji, nisije nikaulizwa na mimi.

Feri ikagusa ng'ambo. Mzee alikuwa wa kwanza kushuka, lakini baada ya hatua chache akasimama, bila kugeuka.

"Kibokoni, nyuma ya msikiti," alisema. "Gunia moja. Na usinitilie vumbi."