Shada la Kujaribia

Basini, kiti cha mbele yangu, mama mwenye duka la maua mtandaoni alikuwa akimfokea shemeji yake, fundi wa kompyuta aliyeliunganisha duka hilo na kampuni ya usafirishaji ili oda zipite zenyewe.

"Ulikosa anwani nyingine ya kujaribia? Umempelekea mama mkwe wako shada la msiba, na juzi tu katoka hospitali!"

"Shemeji, nilidhani oda ya majaribio haitoki."

"Imetoka! Mwenye pikipiki kamkabidhi mkononi, na pole akampa!"

"Basi mfumo unafanya kazi," alisema fundi. Mimi ningenyamaza.

Mama akauliza polepole, "Ulijaribu mara ngapi?"

"Mbili," alijibu fundi. Basi liliposimama, alikuwa keshafika mlangoni.