Kompyuta Iliyomwagiwa Bia

Basi lilikuwa likishuka kutoka mgodini kwenda mjini Oruro. Mbele yangu Severo, mpima visima, alikuwa ameikumbatia kompyuta ya kazini, nene kama tofali, iliyozibwa kwa mpira pembeni.

"Juzi, Jumanne ya kanivali, mama kaimwagia bia chupa nzima," alimwambia bibi aliyeketi naye. "Eti kila chombo cha kazi kimwagiwe, Mama Ardhi anywe kwanza. Humo mna vipimo vya miezi miwili! Nikajua kazi sina tena."

Mimi nimemwagia bia pikipiki, jiko na mlango. Kompyuta, sijathubutu.

"Ikafa?" bibi aliuliza.

"Wapi! Nimeifuta, ikawaka. Vipimo vyote vimo." Akashusha pumzi, akacheka peke yake.

"Basi mshukuru Mama Ardhi."

"Bibi, hii imeundwa isiingie maji. Ianguke, inyeshewe, haina habari."

"Hata simu ya mjukuu wangu waliiuza wakisema hivyo hivyo. Ilitumbukia ndooni, mpaka leo imo kwenye mchele."

"Mliimwagia bia?"

"Alikataa. Si unaona?"

Basi likasimama. Severo akashuka akibisha bado: ni mpira, ni mpira tu. Kisha akafungua soda yake, na kabla ya kuionja akamwaga kidogo chini.