Mtoto Asiye na Homa

Vitalis hakuwa na mke, hakuwa na baiskeli, na tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa hakuwa tena na nyumba ya matofali. Binti yake Gaudiosa naye hakuwa na sauti. Aliacha kusema siku nyumba hiyo ilipobomolewa.

Ndani ya treni ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, wakirudi kijijini, mzee aliyeketi mbele yao aliuliza, "Mtoto huyu mbona haniamkii?"

"Tusamehe, mzee wangu. Anaumwa akili. Mganga wa hospitali ya Kilosa anasema wa kumtibu yuko Dodoma, na kamati ya kijiji imetunyima nauli."

"Ana homa?"

"Hana."

"Basi wamefanya vyema! Mimi mwenyewe ni mwanakamati kwetu Rudewa. Fedha za pamba ya wote tuwagawie wanaonuna?"

"Aliyevunjika mguu walimlipia."

"Mguu unaonekana, bwana!" Behewa zima likacheka.

"Pamba hiyo nailima na mimi," Vitalis akasema. "Wakati wa kulima naitwa ndugu."

"Haya, ndugu, dawa ya kiburi ni fimbo. Mchape!"

Gaudiosa akageuka kutoka dirishani, akamnyooshea mzee viganja vyote viwili, kama wafanyavyo shuleni, akangoja.

Kicheko kikakatika. "Unaona?" mzee akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Anajua kosa lake."

Vitalis alikuwa na barua ya kumwomba mganga mkuu wa mkoa nauli hiyo. Treni iliposimama Mikumi, aliongeza mstari mmoja chini yake: "Kumchapa tumeshamchapa, na bado hasemi." Akaifunga bahasha kwa mate, akaitumbukiza katika sanduku la posta.