Laurenti Banzi na Mashine Iliyofunikwa Turubai

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee shikamooni, wajomba zangu shikamooni, na ninyi majirani mliopanda mlima na tope lote hili, poleni sana. Mimi ni Prisca, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimepewa karatasi niisome, nami nitaisoma kwa namna yangu, mtanivumilia.

Baba yetu Laurenti Banzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Matombo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la saba mwaka 1967, akashuka Morogoro Mjini na kujifunza kukereza vyuma, kuvichonga vikizunguka kwenye mashine, katika kiwanda kimoja kuanzia mwaka 1971, na kiwanda kilipofungwa mwaka 1994 aliondoka na mashine moja kuukuu ya kukerezea, akaifunga kwenye banda nyuma ya nyumba yetu ya Kihonda, kulekule mjini, na yeyote aliyevunjikiwa shafti ya mashine ya kusaga, hata atoke Kinole, aliijua njia ya kuja kwetu.

Tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa na mama yetu Theresia, Mungu akawajalia mimi mwaka 1980, Hosiana mwaka 1983 na Raphael mwaka 1988, ambaye ndiye peke yake aliyerithi mikono ya baba, maana sisi wawili tulikimbia kelele tukaenda kufundisha, na baba aliwatania wateja kwamba amezaa walimu wawili na mtu mmoja.

Tarehe 9 Juni 2012 Raphael aliaga anakwenda machimboni, akaacha shafti imekatwa nusu, imebanwa kwenye meno ya mashine, akisema asiiguse mtu, atakuja kuimalizia. Alipiga simu hadi Novemba. Baada ya hapo, kimya, mpaka leo.

Januari 2013 baba aliacha kazi, akaisafisha mashine kwa brashi na mafuta ya taa, akamwaga oili ya zamani na kutia mpya, akapaka grisi reli zote, akalegeza mikanda, akaipandisha juu ya magogo ya mninga, kisha akaifunika turubai, si nailoni, kwa sababu chini ya nailoni chuma hutoka jasho na kuoza. Fundi yeyote angetoa ile shafti kwanza. Baba aliipaka grisi, akaiacha palepale. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikizungusha kwa mkono kichwa cha mashine, chenye yale meno yaliyobana shafti, ili beringi zisigande, na akimaliza aliacha jino namba moja linatazama juu.

Aprili 2023 alipata kiharusi, akanikabidhi ufunguo wa banda, nami nikawa ninazungusha. Jamani, nisiwafiche, ninaliogopa lile banda. Mara mbili nimeacha jino linatazama juu, nikarudi nikalikuta linatazama chini, na ufunguo ninao mimi tu. Mama anasema ni panya. Panya gani huyo, mama?

Baba alifariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, hospitalini, na neno la mwisho lililoeleweka lilikuwa swali, kama mashine imezungushwa.

Jana kwenye kikao wajomba walielekeza, tena kwa upendo, kwamba nisome watoto wawili, Raphael aombewe leo pamoja na baba, msiba uwe mmoja, na mashine ipewe mwenye kazi nayo. Baba alikataa miaka kumi na miwili kumwombea mwanawe misa ya marehemu. Mjomba Castory, nakuheshimu, utanisamehe, karatasi imeandikwa wawili lakini mdomo wangu umekataa. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Nimesema watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kihonda waliombeba mgongoni gari lilipokwama, mafundi wenzake waliochonga msalaba huu, Baba Paroko na jumuiya yote, kila mmoja wenu Mungu amlipe.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu ilipita tukiwa hospitali, hivyo kesho nitashuka mjini nikazungushe. Pumzika kwa amani, baba, kazi yako nimeipokea. Na wewe Raphael, mdogo wangu, popote ulipo, shafti yako haijaguswa, na ufunguo ninao mimi.