Jiwe la Chumba cha Watoto

Kivuko kilikuwa katikati ya ziwa kikirudi Mwanza, Ng'washi alipomsikia mwanamume wa benchi la mbele akimsimulia jirani yake wa safari jinsi alivyopata chumba cha watoto bila kununua tofali. "Nimechimba udongo chini ya lile jiwe la nyuma ya nyumba. Sasa jiwe lenyewe ndilo ukuta, dada yangu! Saa hizi mapacha wamejilalia humo."

Yule dada akaacha kumenya karanga. "Jiwe kubwa?"

"Kama basi la mkoani."

Ng'washi akainama mbele asikie vizuri.

"Nawe ukachimba chini yake!"

"Sasa nani atalisukuma? Limekaa pale tangu enzi za mababu. Kitu kikitulia hakiendi mpaka kisukumwe, hata shuleni tulifundishwa."

"Yesu wangu! Kaka, jiwe la mlimani halingoji wa kulisukuma. Dunia inalivuta mchana na usiku. Huo udongo ndio uliokuwa unalizuia, na wewe umeutoa!"

Mwanamume akacheka, kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyochekesha. "Wanawake kwa woga! Mbona jana limenyeshewa kutwa na halikusogea?"

"Kumbe limenyeshewa?"

Mwanamume akaacha kucheka, akatoa simu. Kivuko kilipogusa gati, tayari mwanamume alikuwa mlangoni, simu sikioni, akiwapiga watu vikumbo.

"Mama Faith, watoe watoto mle chumbani. Sasa hivi! Hapana, jiwe halina neno. Watoe tu, kuna joto."